Upindo wa Sikudhani

Aliyekwenda akarudi ndiye mwenye habari. Sisi tuliobaki tuna masikio tu, basi tuyatumie. Msiniulize Kazija binti Faki alifikaje Ufumwani, kwa homa, kwa usingizi au kwa miguu yake. Mimi nilimuuliza mara moja, akaniangalia mpaka nikaona haya. Ninalolijua ni kwamba nchi hiyo ni ndogo mno, punje ya unga kwake ni mlima, na wanaosomea miili ya watu wanasema kila mmoja wetu anatembea na nchi kama hizo ndani yake, nyingi zisizo na idadi. Wao wana majina yao ya herufi tatu tatu kwa wakaazi wa huko. Kazija, ambaye kwa miaka thelathini amekaa kibarazani Unguja akikata na kupinda kanga za watu, aliwapa majina aliyoyazoea. Wa ndani, waliofungwa wawili wawili, aliwaita doti. Wa nje aliwaita kipande.

Mwanga wa huko hautoki popote. Hakuna jua wala taa, wala kitu kinachotupa kivuli, na hewa ni nzito kama maji ya wanga. Katikati ya nchi kuna Ngome ya mviringo yenye kuta mbili na milango midogo midogo, na mbele ya mlango mmojawapo ndipo Kazija alipojikuta amesimama, kapu lake la kushonea begani, akiwatazama watu wanaotoka.

Walitoka mmoja mmoja, hawakutoka wawili. Kila mmoja alikuwa amevingirishwa ukanda mrefu wa viraka vya rangi nne, vyekundu, vyeusi, vyeupe na kijani, tangu kifuani hadi magotini. Kichwani walivaa kofia ndogo ya kubana, na nyuma waliburura mkia wa vitambaa vyekundu vilivyofungwa kimoja baada ya kingine. Hawakusemezana. Walikwenda mbio mbio kama watu waliotumwa chumvi na chungu kiko jikoni.

Mmoja wao, msichana mrefu, alisimama mbele ya Kazija.

"Wewe umeandikwa nini?" akauliza.

"Mimi? Sijaandikwa kitu, mwanangu. Mimi fundi wa kupinda kanga."

"Basi wewe si neno," msichana akasema, bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Mimi ni bawaba."

Kazija akacheka. "Bawaba ya mlango?"

"Namna ya kuitengeneza. Imeandikwa hapa." Akagusa ukanda wake. Ndipo Kazija alipouona mkono wa kulia, una vidole sita. Kile cha sita hakikutulia. Kilikuwa kinapapasa, kinachokoa ukingo wa ukanda, kinanyooka, kinarudi, na mwenyewe wala hakitazami. "Nikifika karakana nitasomwa, bawaba itatoka. Twende ukaone?"

Jina hakuwa nalo. Watu wa nje hawana majina. Kazija alimwita Sikudhani, jina la mdogo wake aliyemlea mgongoni na kumzika angali mtoto, kwa sababu alikuwa na shingo ile ile ndefu na namna ile ile ya kucheka kabla mzaha haujaisha. Alimpenda pale pale. Mwanamke mwenye miaka hamsini na sita, ugenini, na moyo unamwenda mbio kama wa mwari. Ndivyo alivyoniambia mwenyewe.

Huko karakana palikuwa na Bi Mshangama, fundi msomaji. Mwili wake ulikuwa wa vipande viwili, cha juu na cha chini, vilivyofumbana kama taya. Sikudhani akaweka ncha ya ukanda wake katikati ya vipande hivyo, na Bi Mshangama akaanza kuuvuta polepole, viraka vitatu vitatu. Kila vilipopita vitatu, alitokea mchukuzi, mzigo mmoja mgongoni na viraka vitatu kifuani. Viraka vyake vikipatana na vile vya ukanda, hutua mzigo. Visipopatana husukumwa pembeni, aje mwingine. Mizigo ikaungwa, ikakunjwa, na mwisho ikatoka bawaba, ingali na joto.

"Ustadi huo!" Kazija akasema, maana kazi nzuri huijua.

"Usiwasifu wa Ngomeni kwa hili," Bi Mshangama akanguruma. Kazija akaona kuwa naye, na wachukuzi wake wote, walikuwa na vidole sita. "Sisi na mjumbe huyu ni ukoo mmoja. Kabla ya Ngome kujengwa ni sisi tulioshika maneno, na ni sisi tuliofanya kazi. Siku hizi wao wanashika, sisi tunafanya, na heshima yote iko kwao."

Msaidizi akaja na mkasi, akakata kitambaa kimoja cha mkia wa Sikudhani. Vikabaki saba.

"Hicho cha nini?" Kazija akauliza.

"Nimeshasomwa mara moja," Sikudhani akasema. "Vikiisha, nimeisha."

Hakuhitaji kueleza zaidi, kwa sababu pale pale ukutani alikuwa amesimama mjumbe mwingine asiye na mkia. Wachanaji wawili wakamjia. Hao wapo kila mahali Ufumwani, njiani, milangoni, nyuma ya mtu. Hawana uso wa kusema huu ni uso. Wakamvua kofia, wakashika ukanda, wakauchana kiraka kimoja kimoja, na kwa kila kiraka kilichotoka yule mjumbe alipungua, mpaka pakabaki kapu la viraka na mahali patupu. Hakulia, hakujitetea. Wachukuzi walimruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

"Kitambaa kizima kile!" Kazija alisema, maana maneno mengine hayakumjia. "Hakina tobo, hakina doa! Kwetu hata kilichochanika hushonwa."

Sikudhani akageuza shingo. "Hushonwa?"

"Ndiyo."

"Na mtu?"

"Mtu pia, tukiweza. Mtu huuguzwa. Huombewa. Watu hukesha naye."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatutaki aende, mwanangu! Swali gani hilo?"

Kidole cha sita kilichokuwa hakitulii kikatulia kwa mara ya kwanza, kikashika ukingo wa ukanda kwa nguvu. Kazija alifurahi kuona maneno yake yameingia. Laiti angejua yameingia wapi.

Asiye na ukanda huko haonekani kuwa kitu, na hilo lilimpa Kazija ruhusa ya kupita popote. Karani wa mlango wa Ngome, Bwana Shaali, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi, alimkagua mbele na nyuma, hakuona kiraka, akasema, "Huyu si neno, apite," na kwa kuwa hakuwa na wa kuzungumza naye akamtembeza mwenyewe.

Ndani kulikuwa kimya. Kazija anasema amewahi kuosha maiti, na kimya cha maiti ni kelele mbele ya kile. Walisimama wawili wawili, kifua kwa kifua, ila mmoja kichwa juu na mwenzake kichwa chini, kama samaki walivyopangwa kwenye tenga. Ukanda wa huyu umefungwa vifungo kwa ukanda wa yule, kiraka kwa kiraka, daima nyekundu kwa kijani na nyeusi kwa nyeupe. Jozi iliungana na jozi, zikapanda zikizunguka kama kamba iliyosokotwa, juu mpaka jicho likachoka. Macho yao yalikuwa wazi. Hayakupepesa.

"Wazima hawa?" Kazija akanong'ona.

"Wazima wa milele," Bwana Shaali akasema kwa fahari. "Hawatoki, hawachakai. Maneno yote ya nchi yako hapa. Tazama mikono."

Walikuwa na vidole vitano vitano, na penye cha sita palikuwa na kovu dogo, kavu.

"Mmewakata!"

"Tumewatuliza, Bibi. Kidole hicho ndicho kinachofanya kazi, na ndicho kinachoua. Hakiachi kuchokoa. Kikikosa kazi humchana mwenyewe. Mwenye kushika maneno ya nchi atafanya kazi ya nini?"

"Bi Mshangama anasema maneno bila wa kuyafanya ni makelele."

"Bi Mshangama!" Shaali akatabasamu kwa huruma. "Sisi tumelijadili hilo barazani, na uamuzi tunao. Neno ni neno. Wajumbe ni mwangwi wake. Nani anauzika mwangwi?"

"Mnaposema barazani, hawa nao husema?"

"Hawa? Hawawezi kusema wamefungwa vifungo. Wakifunguliwa kusomwa, husema kilichoandikwa, basi."

Wakati huo wafumaji walikuwa wamefungua jozi moja kidogo. Midomo ya mwanamke mmoja ikaanza kucheza, sauti ikamtoka kama mtu aotaye, na ubavuni mwake, kutoka kwenye kapu la viraka vya wale waliochanwa, ukafumwa mjumbe mpya. Alipokwisha, akavishwa kofia. Akiwa mlangoni wakamkata mapande mazima ya ukanda, wakayatupa, wakaunganisha yaliyobaki, kwa kuwa, alisema Shaali, mengi yanayosemwa Ngomeni hayana haja ya kusikika. Vifungo vikafungwa tena. Midomo ya yule mwanamke ikakoma katikati ya neno.

Jicho la Kazija, likiwa ni la fundi, lilikuwa limeona jambo jingine. "Kijani cha hapa kina upindo. Cha wajumbe kimeachwa hivi hivi, kinatoa nyuzi."

Bwana Shaali akasimama. "Bibi una jicho. Miaka mingi hakuna aliyeniuliza hilo." Akamwonyesha Wakaguzi wanaopanda na kushuka katika jozi, vidole vyao vikipita juu ya viraka bila kusimama. "Nyeupe ina maradhi. Huoza taratibu, ikageuka kijani bila kuguswa na mtu. Sasa utajuaje kijani cha haki na nyeupe iliyooza? Cha haki tumekipinda. Mkaguzi akigusa kijani kisicho na upindo, hukikata, akamtazama mwenzake wa upande wa pili, akaweka kinachostahili. Ndiyo faida ya kuwa wawili. Mmoja akikosea, mwenzake ni shahidi."

"Na vikiwa vingi?"

"Vitatu vikifuatana hatuna la kuamini tena. Huondolewa mtu mzima, na mwenzake. Lakini halijatokea."

"Na wajumbe hampindi kwa nini?"

"Kwa ajili ya safari ya kwenda karakana?" Shaali alishangaa kweli. "Bibi, wewe hupinda kitambaa cha kufutia meza?"

Kazija alitaka kubisha, akakumbuka kwamba kweli hapindi.

"Na Wakaguzi," akauliza wakiwa wanatoka, "huwa wanasoma kilichoandikwa?"

"Astaghfirullah! Kazi yao kulinda maneno, si kuyasoma. Tena tuna sheria: mwenye upindo na vidole vitano hawezi kuwa nje. Akionekana nje, amepotea. Hurudishwa mbio, hakuna maswali."

Ee Mola, wenye ofisi! Kazija alitoka pale na hilo kichwani.

Sikudhani alimngoja nje. Mkia wake ulikuwa umebaki vitambaa viwili, na kidole cha sita kilikuwa kimeshang'oa kona ya kiraka begani. Hakucheka.

"Bibi, nimesimama pale ukutani nikawatazama wanavyochanwa," akasema. "Zamani nilikuwa napita tu. Kiraka hiki cha begani kilikuwa cha mwingine kabla yangu, na hiki, na hiki. Walikwenda wapi?"

"Sijui, mwanangu."

"Ulisema kwenu hushonwa." Akamshika mkono, vidole vyote sita. "Naogopa. Sijui kama hili ndilo jina lake, lakini hapa ndani kunatetemeka na hakuachi. Mwenzangu yeyote hana. Ni wewe ulinitia. Nishonee upindo, Bibi. Nikate kidole. Nirudishe ndani nisife."

Kazija alilia. Wala hakujificha, alilia kwa sauti kama aliyefiwa, na Wachanaji wawili wakasimama mbali wakamtazama, wakaenda zao. Aliwaza: aliye Ngomeni ni mzima, japo kimya. Na kimya si kifo. Na mimi sindano ninayo. Mtu akiwa na sindano na asishone, atamwambia nini aliyemzika?

Wakajificha nyuma ya rundo la bawaba. Kwanza Sikudhani alimwomba ampe nafasi kidogo, akamgeuzia mgongo, na kwa kile kidole cha sita akafumua viraka vyake mwenyewe, akavipanga upya, akavirudishia.

"Unafanya nini?"

"Maneno ya bawaba ni ya watu. Ngomeni bawaba wanayo. Nikikaa milele, nataka nikae na yangu."

"Umeandika nini?"

"Lile moja nilijualo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu karakana akacheka, kabla ya mzaha, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Kazija akapinda. Kila kijani alikikunja ukingo, akaupitishia uzi, na kwa woga usije ukafumuka akarudia mara mbili, upindo wa kumstahili bibi harusi. Alipomaliza akatoa mkasi. Kidole hakikutoa damu. Kilianguka chini kikajikunja kama jongoo, na Sikudhani akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Kumetulia," akasema. "Bibi, kumetulia mno."

Bwana Shaali alipomwona mlangoni alipiga ukelele. Upindo! Vidole vitano! Yuko nje! Wakaguzi wakamiminika, wakapapasa viraka, wakaridhika, wakamvua kofia na kumkata mkia, vitu vya ujumbe ambavyo hawakuuliza kavipata wapi, wakamwingiza. Mwenza hakuwa naye, basi wakamfumia, kiraka kwa kiraka kufuata wake, wakamning'iniza kichwa chini mbele yake. Kuanzia hapo aliloliandika lilikuwa na shahidi, na Ngomeni lenye shahidi ni haki. Kazija alimwita wakati kifungo cha mwisho kinafungwa. Macho yalimpita kama hayupo.

Alikaa nje ya mlango akijiambia amefanya jema. Alikuwa bado anajiambia hivyo alipotoka mjumbe mmoja, msichana mrefu, shingo ndefu, ukanda wenye kijani kisichopindwa. Vidole sita.

"Sikudhani!" Kazija akaruka.

Yule akamtazama. Hakumjua. Lakini mwili wote ulikuwa unatetemeka, na alinyoosha mkono. "Wewe ndiye fundi?" akasema. "Naogopa. Nishonee upindo. Nikate kidole. Nirudishe ndani nisife."

Nyuma yake akatoka mwingine, shingo ile ile. Na mwingine. Wafumaji, walioona neno jipya limeingia, walilifungua, na neno hilo lilikuwa rahisi, halina cha kukatwa mlangoni, likafumika upesi kuliko yote. "Heri iliyoje!" Bwana Shaali akawa anasema, akipanguza jasho. "Mlango haujawahi kuwa na wajumbe wengi hivi!"

Walijaa mpaka njia ikaziba. Bi Mshangama na wenzake waliwasoma, kwa kuwa msomaji hachagui, na walichotoa katika vinywa vyao kilikuwa sindano na mkasi, sindano na mkasi, malundo yake, wala hapakuwa na nafasi ya kusoma ukanda mwingine. Bawaba zikaadimika. Milango ya nchi ikaanza kulala chini mmoja mmoja, na yaliyokuwa yamefungiwa yakatoka.

Lakini si hilo lililomvunja Kazija. Lililomvunja ni ukutani. Wajumbe wa zamani walikwenda ukutani kama wanaokwenda kuoga. Hawa wapya walipelekwa wanapiga kelele. Kila mmoja alizaliwa na hofu nzima nzima, ya kwake peke yake, na kila mmoja alimtafuta yeye kwa macho hadi kiraka cha mwisho. Nchi isiyojua kuogopa kifo sasa ilikuwa inakufa kwa woga mara elfu, kwa sauti ya mdogo wake.

Aliwashonea wangapi? Hilo hakuniambia. Alisema tu kwamba wa kwanza wa hawa wapya alimshonea, maana nani angeweza kukataa, na alipomwona naye anaingizwa, na baada ya punde mlango unatoa maradufu, akairudisha sindano kapuni.

Basi akaingia Ngomeni. Shaali hakumzuia, asiye neno hazuiwi. Yule mpya aliyemshonea alikuwa karibu na mlango, Kazija akaanza naye, akafumua pindo tatu zinazofuatana kwa ncha ya mkasi, haraka, bila kumtazama usoni. Wakaguzi waliokuwa wakipita wakagusa, wakasimama, wakakata wote wawili, yeye na mwenzake. Hakikusikika kitu. Jozi za juu na chini zikaunganishwa pengo likaisha.

Kisha akapanda kwa Sikudhani mwenyewe, yule wa nyuma ya rundo la bawaba.

Wafumaji walikuwa wamemfungua vifungo tayari kumtoa mjumbe mwingine, kwa hiyo midomo ilikuwa huru. Kazija akapiga magoti usawa wa kiuno, akaupata upindo wa kwanza, akaufumua. Akaupata wa pili, akaufumua. Shingo ile ndefu ikainama kidogo, au labda ukanda ulilegea tu, hata leo hana hakika.

"Naogopa," Sikudhani akasema juu yake, polepole, kama aotaye. "Nishonee upindo, Bibi."

Kama ni yeye aliyesema, au ni ukanda unaosomwa, hakuna mtu wa kumwambia.

"Nimekushonea, mwanangu," Kazija akasema. "Nilikushonea vizuri mno."

Akashika upindo wa tatu akavuta. Uzi haukukatika, kwa kuwa alikuwa ameupitisha mara mbili, na mkasi ulikuwa umeteleza mkononi ukaanguka chini kabisa. Wakaguzi walikuwa wanashuka, na kwa viraka viwili tu wangevibadili, wakamwacha. Sauti juu yake ikaanza tena tangu mwanzo, naogopa, nishonee, na Kazija binti Faki akainamisha kichwa, akautia uzi meno.